Pembe za Kasongo, Vidole vya Mabinti

Piano ya kawaida ina vibao 88 vya kubonyeza, vyeusi 36 na vyeupe 52. Kabla plastiki haijachukua nafasi, katikati ya karne ya 20, weupe wa vile 52 ulikuwa wa pembe ya ndovu. Pembe ilikatwa vipande, ikapasuliwa kuwa magamba membamba, yakaanikwa juani ndani ya mabanda marefu ya vioo mpaka umanjano ukatoka, kisha yakagundishwa juu ya ubao. Huko Marekani kazi hiyo ilishikwa na makampuni mawili ya jimbo la Connecticut: Comstock, Cheney & Co. ya Ivoryton na Pratt, Read & Co. ya Deep River. Mafundi wao waliipenda pembe laini iliyopitia Unguja. Pembe ya Afrika ya magharibi ni ngumu na hupasuka upesi.

Unguja kwenyewe hakuna ndovu. Pembe zilitoka bara, na kadiri ndovu wa karibu walivyomalizika ndivyo wafanyabiashara walivyosogea mbele, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Msafiri Stanley aliandika, kwa masimulizi aliyoyapata kwa mmisionari Livingstone, kwamba Waarabu wa kwanza kufika huko waliwakuta wenyeji wakitumia pembe kuwa miimo ya milango. Habari kama hiyo haikai siri. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule mfanyabiashara Tippu Tip, akaifanya Kasongo makao yake, na Kabambare ikawa kituo kikubwa njiani. Msafara ulitoka Kasongo ukapita Kabambare, ukateremka hadi Mtowa ukingoni mwa ziwa, ukavuka kwenda Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, na hapo mzigo ukaingia jahazini. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Fedha za kuandaa safari zilitoka kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, na pembe zikishafika ziligawanyika: nyingine Bombay kwa bangili, nyingine London na Hamburg, nyingine New York, na kutoka New York hadi kwenye yale mabanda ya vioo.

Mizigo ilibebwa na wapagazi wa mshahara na ilibebwa na mateka, wake kwa waume. Livingstone, aliyekaa Kabambare miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu, alifika Nyangwe mwaka 1871 na kulipenda sana soko lake. Lilikuwa soko la wanawake hasa: walikuja na samaki, chumvi, vyungu, kuku, wakabishana bei kwa furaha. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko. Waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama katika mto Lualaba walipokuwa wakikimbia, walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake. Livingstone aliyaandika hayo kwa wino aliojitengenezea kwa mimea, juu ya karatasi za gazeti la zamani, maana karatasi zake zilikuwa zimemwishia. Nyangwe leo imo ndani ya eneo la Kasongo.

Nimekusudia kuandika juu ya wanawake na programu za maonyesho ya muziki wa Beethoven na Brahms. Msomaji atauliza: haya yote yanahusiana nazo vipi? Yanahusiana kwa sababu nataka kufuata pembe ile mpaka ilipoishia, yaani chini ya vidole vya nani.

Iliishia, mara nyingi, chini ya vidole vya msichana. Katika karne ya 19 familia ya tabaka la kati Ulaya na Marekani iliyopata fedha kidogo ilinunua piano, na aliyefundishwa kuipiga alikuwa binti. Piano ilikuwa sehemu ya malezi yake, pamoja na kudarizi na kusema Kifaransa. Mwaka 1909 peke yake viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 350,000. Ukipiga hesabu kwa watu waliokuwa wakizigusa kila siku, basi mpiga piano wa kawaida wa zama zile alikuwa mwanamke. Lakini chukua programu ya onyesho la okestra la miaka hiyohiyo, ile karatasi inayotaja nani anapiga na nani ametunga, utadhani muziki ni kazi waliyoachiwa wanaume tangu Adamu.

Fanny Mendelssohn alikuwa na miaka 14 mwaka 1820 baba yake alipomwandikia barua kumweleza kwamba muziki pengine ungekuwa kazi ya maisha kwa mdogo wake Felix, ila kwake yeye ungebaki kuwa pambo tu. Walikuwa wamesoma kwa walimu walewale. Fanny akatii kwa namna yake: akafanya maonyesho ya Jumapili nyumbani kwao Berlin, akachagua mwenyewe vya kupigwa, akaongoza kwaya, akatunga vipande zaidi ya 400. Kuchapisha kwa jina lake alianza mwaka 1846, akiwa na miaka 40. Mwaka uliofuata akafa.

Kimoja cha vipande hivyo ni Sonata ya Pasaka, ya mwaka 1828. Mswada wake ulionekana Paris mwaka 1970 ukiwa na jina la F. Mendelssohn, na wataalamu wakasema ni kazi ya Felix. Ikarekodiwa, ikauzwa, jina Felix. Mwaka 2010 mtafiti Angela Mace Christian aliuona mswada wenyewe, akakuta mwandiko ni wa Fanny na namba za kurasa zinaingia sawasawa katika pengo la kurasa zilizonyofolewa kwenye daftari la Fanny. Ikapigwa kwa jina lake mwaka 2012. Hoja moja iliyotumika zamani kumpa Felix ilikuwa kwamba muziki ule una nguvu mno. Mimi nikisoma hoja ya aina hiyo huwa sihitaji tena kuelezwa tatizo liko wapi.

Clara Schumann ni kisa kigumu zaidi, na kwa hiyo kinafundisha zaidi. Huyu hakuzuiwa jukwaani. Akiwa na miaka 16 alipiga koncheto yake mwenyewe Leipzig, Felix Mendelssohn akiongoza okestra, na akaendelea kupanda majukwaani kwa miaka zaidi ya 50, akizaa watoto wanane katikati. Alitunza programu zake, na mkusanyo wa karatasi hizo, takriban 1,300, bado upo Zwickau, Ujerumani. Ukizifuata tangu utotoni hadi uzee unaona jambo la kuhuzunisha: tungo zake mwenyewe zinapungua, na majina ya Bach, Beethoven, Chopin na mumewe Robert yanazidi. Alichangia kuliko mtu yeyote kujenga desturi ya mpiga piano kupiga kazi za magwiji waliokwisha kufa, na katika orodha ya magwiji hao yeye mwenyewe hakujiweka. Shajara yake inaonyesha alifikia kuamini kwamba mwanamke hapaswi hata kutamani kutunga. Hakuna aliyemwekea bunduki. Hewa aliyokuwa akivuta ilitosha.

Kisha kuna Amy Beach, mpiga piano na mtunzi, jirani wa mabanda yale ya vioo, kwa kuwa Boston na Ivoryton si mbali. Aliolewa mwaka 1885 akiwa na miaka 18 na daktari wa upasuaji aliyemzidi miaka 24. Mume akampunguzia maonyesho ya hadhara yakawa machache mno kwa mwaka, mapato yaende kwenye sadaka. Kutunga akamruhusu, tena akamhimiza, kwa kuwa kutunga kunafanyika ndani ya nyumba. Mwaka 1896 Okestra ya Simfoni ya Boston ikapiga simfoni yake, ya kwanza kwa mwanamke wa Marekani kupigwa hivyo. Kwenye programu mtunzi aliandikwa Mrs. H. H. A. Beach. Herufi zote tatu ni za majina ya mume. Sisi tunaomwita mwanamke mama wa fulani tunaifahamu desturi hii na hatuna haki ya kuicheka. Tofauti ni kwamba mama wa fulani ni jina la heshima la barazani, na programu ni hati. Miaka mia ikipita, aliyebaki ndani ya hati ndiye aliyekuwapo.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Tunapozungumza juu ya wanawake na muziki huu, watu wengi huanza na viti vya okestra: Berlin Philharmonic ilimpokea mpiga fidla wa kwanza mwanamke mwaka 1982, Vienna Philharmonic ikangoja mpaka 1997 kumkubali rasmi mpiga kinubi Anna Lelkes, aliyekuwa akipiga nao miaka mingi bila uanachama. Ni kweli na ni aibu. Lakini viti vimejazwa upesi kuliko programu. Shirika la Donne, lenye makao yake Uingereza na linaloongozwa na mwimbaji Mbrazili Gabriella Di Laccio, lilihesabu vipande vyote vilivyopangwa na okestra 111 za nchi 31 katika msimu wa 2021 na 2022. Vilivyotungwa na wanawake vilikuwa asilimia 7.7. Jumba la Metropolitan Opera la New York lilionyesha opera ya mwanamke, Ethel Smyth, mwaka 1903. Ya pili ilikuwa ya Kaija Saariaho, mwaka 2016. Katikati hapo zilipita vita mbili za dunia, Kongo ikabadilishwa jina mara kadhaa, mtu akatua mwezini.

Kwa nini programu ni nzito hivyo kusogea? Sababu nyingine ni chuki, sitaipamba. Ila kubwa zaidi ni ya kiofisi. Okestra ya watu 80 haiwezi kupiga kitu ambacho hakina nota zilizochapwa kwa kila ala. Nota hukodishwa na wachapishaji, na mchapishaji huchapa kinachokodishwa. Kiongozi wa okestra hujifunza ujanani vipande vinavyotahiniwa chuoni, na chuo hutahini vinavyopigwa. Mazoezi ni ghali, kwa hiyo kipande ambacho wapigaji wanakijua tayari kina nafuu. Mnunuzi wa tiketi huja kwa jina analolijua. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo anayelazimika kuwa mtu mbaya. Louise Farrenc alifundisha piano katika chuo kikuu cha muziki cha Paris kwa miaka 30, mwaka 1850 akadai na kupata mshahara sawa na wanaume, akatunga simfoni tatu zilizopigwa na kusifiwa. Hazikuchapishwa akiwa hai. Basi zikanyamaza zaidi ya karne moja.

Ushahidi kwamba mnyororo huo unaweza kukatwa ni Florence Price, Mmarekani mweusi wa Arkansas. Simfoni yake ya kwanza ilipigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933, ya kwanza ya mwanamke mweusi kupigwa na okestra kubwa ya nchi ile. Mwaka 1943 alimwandikia kiongozi wa okestra ya Boston akimwambia waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na kumwomba aisome kazi yake. Akafa mwaka 1953. Mwaka 2009 watu waliokuwa wakikarabati nyumba iliyotelekezwa kijijini St. Anne, Illinois, walikuta marundo ya miswada yake. Mwaka 2018 kampuni ya G. Schirmer ikachukua haki za kazi zake zote, nota zikapatikana kwa kukodi, na ndani ya miaka michache okestra ambazo hazijawahi kumtaja zikawa zinampiga msimu kwa msimu. Muziki ulikuwa uleule uliolala St. Anne. Kilichoongezeka ni karatasi.

Turudi upande wetu, kwa maana pembe za Manyema hazikulipia piano peke yake. Zililipia pia muziki wa kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikula ushuru wa pembe zilezile za Tippu Tip, na kwa fedha za namna hiyo akajenga jumba la Beit al-Ajaib na akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga ala ya kanuni. Ndiyo mwanzo wa taarabu ya Unguja kama wasimulizi wake wanavyoieleza: muziki wa waliokaa, wenye ala za nyuzi, wenye kusikilizwa kwa adabu. Ukinitaka nitaje muziki wa klasiki wa Waswahili, nitautaja huu. Ulianza na wapigaji wanaume na wimbo wa Kiarabu. Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905 ilikuwa chama cha wanaume.

Aliyevunja mlango alikuwa mwanamke wa Fisi, binti wa watu waliotoka bara, aliyepewa utotoni jina la Mtumwa na akaja kuitwa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri, na kwa Kiswahili. Tangu hapo taarabu bila sauti ya mwanamke imekuwa kitu cha kushangaza. Hata hivyo angalia nyuma ya mwimbaji: udi, kanuni, fidla, akodiani, kwa muda mrefu vilibaki mikononi mwa wanaume, na mtunzi aliyetajwa mara nyingi alikuwa mwanamume. Kundi la Tausi, ambamo wanawake ndio waimbaji na ndio wapigaji, liliundwa Unguja mwaka 2009 na mwandishi wa habari Mariam Hamdani. Miaka 104 baada ya Ikhwani Safaa. Kwa hiyo tusijifanye kwamba ugonjwa huu uko Vienna tu.

Turudi sasa Kasongo. Ilianguka mwezi wa Aprili 1893, mbele ya jeshi la Wabelgiji lililoongozwa na Dhanis. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika kwamba askari wa chini kabisa walilalia magodoro ya hariri katika vitanda vya nakshi walivyovikuta majumbani. Pembe zikageuzwa njia, zikateremshwa na mto kuelekea magharibi, na Antwerp ikawa soko la pembe kubwa kuliko London. Waungwana walioshindwa waliacha Uislamu, Kiswahili na mchele. Walioshinda walileta misheni, na misheni ilileta kwaya.

Ile kwaya ilifika na sheria yake. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki wa kanisa. Waimbaji wa kanisani, alisema, wana huduma ya liturujia, wanawake hawawezi huduma hiyo, kwa hiyo pakihitajika sauti za juu zichukuliwe kwa wavulana. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ambaye ni mwanamke. Sidhani kama waandishi wa waraka waliona kinaya. Kwa vitendo, nchi nyingi ziliutii waraka nusunusu, na mwaka 1955 Pius wa Kumi na Mbili aliulegeza, wanawake waimbe mradi wasisimame ndani ya patakatifu. Lakini ile nusu karne ndiyo nusu karne ambayo Kongo ya Wabelgiji ilikuwa ikifundishwa kuimba kwa nota. Waliopelekwa seminari walikuwa wavulana. Waliosomeshwa shule za ualimu kwa wingi walikuwa wavulana, na mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, ndiye aliyejua kusoma solfa, ndiye aliyechagua nyimbo za Jumapili.

Tunda mashuhuri la malezi hayo lilitokea Kamina, Katanga, kusini ya Manyema. Padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda pale kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15, akaipa jina la mfalme Baudouin. Mwaka 1958 wakaimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa midundo na sauti za Kiluba na Kikasai, wakaipeleka Ulaya mwaka huohuo, na sahani yake ya Philips ikauzwa dunia nzima. Nimeisikiliza mara nyingi na bado naiona kuwa moja ya kazi nzuri zilizotoka Kongo. Ila sikiliza Kyrie, ambayo msingi wake ni kasala. Kwa Waluba wa Kasai, kasala hughaniwa msibani na katika kutukuza ukoo, na wanawake ni miongoni mwa waghani wake. Wao waliingia katika misa ile kama chemchemi ya maji: yametekwa, yamenywewa, hakuna aliyeuliza yanatoka wapi. Jukwaani sauti ya juu ni ya mtoto wa kiume. Kwenye jalada la sahani, jina linaloonekana ni la padri, ijapokuwa sehemu kubwa ilibuniwa na waimbaji wenyewe wakati wa mazoezi. Yaani wavulana nao walinyimwa hati. Lakini wao walau walipigwa picha.

Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya Missa Luba kwa ajili ya Philips, safari hii wanawake wakiwa ndani. Linganisha rekodi mbili hizo ukipata nafasi. Si kwamba ya pili ni bora. Mimi bado naipenda ya Kamina kwa ukavu wake. Ila Sanctus inapoimbwa na wanawake watu wazima inaacha kuwa wimbo wa malaika na inakuwa wimbo wa watu wenye habari za dunia.

Kinshasa mambo yamekwenda mbele zaidi, kwa upande wa viti. Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 na kujulikana duniani kwa filamu ya 2010, Kinshasa Symphony, imejaa wanawake: kwenye fidla, kwenye filimbi, kwenye kwaya. Haikuwangojesha miaka 100 kama Berlin. Lakini kazi zilizobeba filamu ile ni Simfoni ya Tisa ya Beethoven na Carmina Burana ya Carl Orff. Mwanamke wa Kinshasa anauza sokoni mchana, jioni anakaa kwenye kiti kilichofunguliwa kwake tangu siku ya kwanza, na karatasi iliyo mbele yake ina majina ya wanaume wawili wa Kijerumani. Simlaumu Diangienda, ambaye nota zake nyingi ziliandikwa upya kwa mkono kwa sababu hapakuwa na fedha za kununua. Ukiokota unachopata bure, utaokota kile ambacho dunia imeshakichapa kwa wingi. Nota za Price, hata baada ya 2018, zinalipiwa.

Na Kasongo, je? Kasongo ni jimbo la kanisa tangu 1959, lina kanisa kuu. Misa inayoimbwa huko ni ile ya taratibu za Zaire, zilizoidhinishwa na Roma mwaka 1988, zenye ngoma na kucheza mbele ya altare, jambo ambalo waraka wa 1903 ungelizimia. Kabambare na Kasongo pia ni nchi ya maulidi, tangu zama za misafara. Ukienda kanisani, mabega mengi ya kwaya ni ya akina mama, na mkono unaopima mwendo mara nyingi ni wa mwanamume. Ukienda kwenye maulidi, barzanji husomwa na wanaume, na kasida za wanawake huwa upande wao, uani, mara nyingi kwa sauti nzuri kuliko za upande wa pili, kama wanaume wa haki wanavyokiri wakishakunywa chai. Harusini wanatawala wao kabisa. Kila mahali wamo. Tatizo halijawahi kuwa kutokuwapo.

Kuna anayesema, na ni hoja ya haki, kwamba kuhangaika na asilimia za okestra za Ulaya ni anasa kwa mtu wa Kasongo, ambako barabara ya Kindu ikinyeshewa haipitiki. Nakubali kuhusu barabara. Kuhusu piano sikubali. Majumba ya muziki ya karne ya 19 yalijengwa juu ya chombo ambacho sehemu yake ya kuguswa iling'olewa huku, kwa gharama ya wanawake wa soko kama lile la Nyangwe, ikapelekwa kwa wanawake wengine walioruhusiwa kuigusa bila kuandikwa. Mtu wa Kasongo ana haki ya kusema katika mjadala huu kuliko wengi waliomo. Tena mnyororo ninaoueleza, wa nota, uchapaji na ada, haukuishia Ulaya.

Chukua wimbo uliotungwa na mama mmoja wa parokia, wa kuaga maiti au kupokea bibi harusi. Unapendwa, unachukuliwa na kwaya, unafika mjini, unarekodiwa. Kwenye orodha ya nyimbo panaandikwa: wimbo wa asili. Wimbo wa mseminari uliotungwa mwaka huohuo unaandikwa jina lake. Kongo ina shirika la haki za watunzi, SOCODA, lililochukua mwaka 2011 nafasi ya SONECA ya zamani. Makao yake yako Kinshasa, na linamlipa mtunzi aliyejiandikisha. Wa asili hajiandikishi. Anayepanga orodha ya Jumapili, pale Kasongo au Kabambare, akiuliza tu kabla ya kuandika, nani alianza kuuimba huu, katika nyimbo nyingi bado yupo mtu anayejibu, kwa sababu aliyeutunga anaishi nyumba ya tatu kutoka kanisani.